Prof Aliyelisha Kuvu

Kwetu Kadutu, hapa Bukavu, maprof, yaani walimu wa sekondari, hawakosekani. Kuna wa hesabu, wa Kifaransa, na wa kujiita. Lakini ukisema "Prof" tu, bila kuongeza neno, mtu yeyote atakuonyesha ile nyumba ya milango ya kijani juu ya ngazi za mawe, yenye kunuka viazi vya kuchemsha kila mwanzo wa mwezi. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, hayo sitayagusa. Siku nilipojaribu kumuuliza alinijibu kama baba kwa binti yake, "Ma fille, andika yenye mi nafanya. Yenye baba yangu alifanya, alishaandika yeye mwenyewe." Uongo mtupu, baba yake hakujua hata kushika kalamu. Lakini aliusema kwa uso wa kanisani, nami nikafunga daftari.

Ni mfupi. Shati lake limepigwa pasi hata siku ya kubeba maji, na miwani yake imefungwa kwa uzi upande wa kushoto tangu nimjue. Ncha za vidole zina makovu ya moto, nitaeleza kwa nini. Anatembea mbio kama mtu aliyeacha sufuria jikoni, na mara nyingi kweli ameiacha.

Alitufundisha biolojia sekondari. Siku ya kwanza alituambia kila mmoja atafute kipande cha mkate, akiweke mahali penye giza na unyevu, kisha akilete baada ya wiki moja. Hakueleza kwa nini. Tulikuwa darasa la watu zaidi ya arobaini, na wengi wetu tulikuja shule na chai ya rangi tu tumboni. Wiki ilipotimia Prof akasimama mlangoni, akanyoosha mikono apokee mikate. Mikono ikabaki mitupu. Akauliza iko wapi. Wa kwanza akasema panya. Wa pili akasema panya. Wa tatu akamsingizia mdogo wake, wa nne akarudia panya.

"Nilisema mukate ioze," akasema Prof. "Sikusema ioze mu matumbo yenu!"

Darasa zima vipande vitatu tu vilipona, na kimojawapo kilikuwa changu. Msinisifu. Nilikuwa nimekificha ndani ya sanduku la mama, katikati ya vitenge vyake vya Noeli, halafu nikakisahau. Mama ndiye aliyekikuta wa kwanza. Nilikipeleka shule shavu likiwa limevimba. Prof akakipokea kwa mikono miwili, kipande cha kijani na kijivu chenye manyoya, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Humu ndani," akasema taratibu, "kuko pharmacie, duka nzima ya dawa."

Ndipo akatueleza. Kuvu haina miguu ya kukimbia wala meno ya kuuma, alisema, na chakula chake wanakigombania vidudu vingine vingi. Basi silaha yake ni sumu inayoipika yenyewe ndani ya mwili. Watu wakaichunguza ile sumu, wakaipima, wakaisafisha, na nyingine zikawa dawa. Penisilini ilitoka huko. Kuna dawa ya kupunguza mafuta katika damu iliyotoka huko, na dawa anayopewa mtu aliyewekewa figo ya mwenzake ili mwili usiikatae. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba vitenge vyake vilikuwa na dawa ya figo. Nikapata kofi la pili, kwenye shavu lingine.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kupanda zile ngazi za mawe. Kwanza Jumamosi moja moja, baadaye kila Jumamosi, mpaka mke wake, ambaye sote tunamwita Maman, akawa ananiwekea sahani bila kuniuliza.

Maabara ya Prof ilikuwa chumba kidogo nyuma ya jiko, kile ambacho nyumba nyingine huwekea unga. Vyombo vilikuwa vichupa vya mayonnaise alivyookota kwenye restaurant za mjini, akavisugua mpaka vikang'aa. Maabara za watu wenye uwezo hununua unga wa mwani wa kugandishia chakula cha kuvu. Prof alitumia wanga wa muhogo. Alichemsha viazi vya kutoka mashambani Walungu, akachuja maji yake, akatia sukari, akagandisha na muhogo, kisha akapika vichupa vyote ndani ya sufuria ya presha juu ya makaa ili kisibaki kidudu hai. Viazi vyenyewe tulikula sisi. Nimekula viazi vingi visivyo na ladha katika nyumba ile kuliko mfungwa yeyote.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ilikuwa siku ya kuhamisha. Frigo ilikuwapo lakini umeme wetu mnaujua, hivyo hakuiamini. Kuvu ikikaa sana katika chupa moja inakula chakula chote, inakauka, inakufa. Kwa hiyo kila mwezi alichoma sindano ndefu kwenye moto, akangoja ipoe, akachukua kipande kidogo kama punje ya mtama, akakiweka kwenye chupa mpya. Siku hiyo hakuna kufagia nyumbani, kwa sababu ya vumbi. Hakuna kufungua dirisha. Hakuna kuongea mbele ya chupa iliyo wazi, na yeye mwenyewe alikuwa akibana pumzi mpaka mishipa ya shingo inasimama. Prof huyuhuyu anayefika misa wakati wa mahubiri, akipita kwa kunyata huku padri akimtazama, hajawahi kuchelewa kuhamisha hata siku moja. Alipokuwa na malaria alihamisha akiwa amejifunga blanketi.

Sasa kuhusu moto. Taa ya kuchomea sindano inataka alkoli, na alkoli ya duka la dawa ilikuwa ghali. Prof hanywi. Hata kasiksi, pombe ya ndizi ya harusini, anaigusisha mdomo tu kwa heshima. Lakini aligundua kwamba kanyanga, pombe kali ya kienyeji, ile ya kwanza kabisa kudondoka kwenye mtambo, inawaka vizuri. Akawa anakwenda kila wiki kwa mama mmoja muuza kanyanga, amevaa shati lake la pasi, anauliza kwa sauti mbele ya walevi wote: "Iko ile ya kwanza? Ile kali? Mi sitaki ya kati."

Mnaweza kufikiri. Haikupita miezi miwili, wazee wa shirika letu la kanisa wakapanda ngazi, watu watano na rozari zao, kuja kumuombea aache pombe. Nilikuwepo. Prof akawakaribisha, akawasikiliza mpaka mwisho, akasema Amina. Kisha akaleta taa, akaimiminia kanyanga, akaiwasha mbele yao. Moto wa buluu. Wote wakashangaa isipokuwa mkuu wa shirika, ambaye alitaka kuhakikisha. Akaomba chupa, akaonja. Akaonja tena. "Kweli," akasema, "hii haiko ya kunywa." Akaondoka wa mwisho, na tangu siku ile Prof alikuwa akificha chupa anapomwona anakuja.

Na buyoga, yaani uyoga, yeye hali kabisa. Hilo linanichekesha hadi leo. Majira ya mvua Maman anapika uyoga kwa mawese na karanga, harufu inashuka ngazi mpaka barabarani, majirani wanapata sababu za kuja kusalimia. Prof anakula maharagwe. Ukimuuliza anasema, "Ni bafanyakazi wangu. Utakula mufanyakazi wako?" Siamini kuwa ni heshima. Nafikiri anaogopa, kwa kuwa anajua mengi mno.

Maarifa yake hakuyatoa vitabuni peke yake, na hilo alilikubali, jambo ambalo si jepesi kwa prof. Alishuka mara kwa mara mpaka vijiji vya Nyangezi kuwafuata mabibi wanaookota uyoga alfajiri baada ya mvua. Anawaita wote Koko, kama mjukuu anavyomwita nyanya yake, anavua kofia, anatembea nyuma yao. Haandiki neno mpaka Koko amalize kusema. Safari moja alinichukua. Koko mmoja mwenye meno mawili alimtazama akichora kitu kilichoota juu ya samadi, akamgonga kwa fimbo begani: "Weye Prof, batu banakulipa kwa kuangalia mavi ya ng'ombe?" Prof akajibu, "Koko, na bananilipa kwa kuchelewa." Walicheka mpaka Koko akakaa chini.

Ni katika shamba la huyo Koko, chini ya mgomba uliooza, alipopata kuvu ya kijivu ambayo sisi wote tulizoea kuiita Nyangezi. Akailea nyumbani. Siku moja akatandaza, juu ya chakula cha viazi, vidudu alivyovitoa puani mwake mwenyewe kwa pamba (alisema ya bure njo muzuri), akaweka Nyangezi katikati. Baada ya siku mbili vidudu vilikuwa vimejaa chupa nzima, ila kandokando ya Nyangezi palibaki peupe, duara safi, kama watu wanavyompisha mama aliyejitwika beseni la samaki wa sambaza. Prof alishuka ngazi na chupa mkononi mpaka kwetu, bila viatu, kuja kunionyesha.

Shida ya Kadutu ni kwamba habari haina mlango. Kabla ya wiki kwisha kila mtu alijua Prof ana maji ya buyoga yanayoua mikrobe. Wakaanza kupanda. Mmoja ana jipu, mwingine ana tumbo, mwingine anataka kuongea faragha kuhusu bawasiri. Mfanyabiashara mmoja alitoka Kavumu na karatasi za kubandika kwenye chupa, amekwisha chapisha na jina la dawa. Prof aliwakaribisha wote, akawapa viti, akawakatalia wote. Neno lake lilikuwa moja, na alilisema hivyohivyo kila mara: "Kuua mikrobe haiko kuponesha mutu. Ata eau de Javel, ile ya kufua nguo nyeupe, inaua mikrobe. Utakunywa?"

Halafu akawashika mkono akawapeleka kituo cha afya, yeye mwenyewe, akangoja nao kwenye foleni. Watu walimcheka. Wengine walisema anaificha dawa ili awauzie Wazungu.

Mpaka hapo nimekuwa nikicheka nanyi. Sasa niseme la mguu wa Maman.

Alijikata kwa jembe juu ya kifundo, shambani kwao Walungu. Kidonda kidogo tu. Kikafunga, kikafunguka, kikaanza kunuka. Alipewa vidonge hapa, sindano pale, kidonda kikawa kinapanda. Wakati huo nilikuwa nimeanza masomo ya pharmacie na nilikuja pale karibu kila siku kumwoshea. Jioni moja, nikiwa nimepiga magoti na beseni, Maman akamwambia mumewe, kwa upole kabisa, "Papa, nipatie ile maji ya Nyangezi."

Prof akasema hapana.

"Nitapakaa tu. Sitakunywa."

"Sijue inafanya nini mu mwili. Hapana, Maman."

"Inaua mikrobe. Weye mwenyewe ulisema. Nilikaa bila kufagia nyumba yangu juu ya hii buyoga yako. Leo mi nakuomba kitu moja."

Siku tatu alimwomba. Siku tatu alikataa, na siku ya tatu Maman alilia, na mimi nikamkasirikia Prof. Nilimwambia. Nilisema, "Prof, huyu haiko jirani, ni bibi yako!" Alimfunga Maman kwa kitenge mgongoni kama mtoto, maana mvua ilikuwa imeharibu njia na pikipiki haikuweza kupanda, akashuka naye zile ngazi zote, mwanaume mfupi vile, mpaka chini barabarani kwenye gari. Nilishika mwavuli juu yao.

Maman alikaa hospitali miezi mitatu. Walikata nyama iliyooza, wakakata tena. Akapona, lakini mguu ukabaki mgumu, na tangu hapo anatembea kwa fimbo.

Alirudi nyumbani akaondoa vyombo vyake vyote katika kile chumba cha vichupa, akavihamishia jikoni, na hakuingia tena humo. Wageni wakimuuliza mguu umekuwaje, anawaambia, "Muulize docteur ya buyoga." Prof akianza kuelezea mtu habari za kuvu, Maman anakohoa. Alisema kwa mzaha, sauti tamu, lakini mzaha uleule ukirudi miaka nenda miaka rudi, hata mgeni anajua una mfupa ndani. Prof alikuwa akiinamisha kichwa. Sikumsikia hata mara moja akijitetea, na yeye kwa kawaida hubishana hata na redio.

Aliendelea kuhamisha. Vichupa viliongezeka, kuvu za Nyangezi, za Walungu, za pembeni ya msitu, mpaka vikafika arobaini na kimoja. Mimi nikamaliza masomo, nikapata kazi ya assistant chuo kikuu hapa mjini. Prof alistaafu. Na mara moja kwa mwaka aliniuliza, bila kunitazama, kama kuna mahali ambapo mtu anaweza kujua hasa Nyangezi inatengeneza nini. Hapa Bukavu mashine hizo hatukuwa nazo. Nilikuwa namjibu, "Bado."

Kisha, si zamani, mwenzangu mmoja wa kazini akapata ushirikiano na maabara ya ng'ambo inayochunguza kuvu za Afrika kutafuta dawa. Nikapanda ngazi mbio kumwambia. Prof akaingia chumbani, akabana pumzi, akahamisha Nyangezi kwenye kichupa kidogo, akakifunga kwa nta ya mshumaa wa Pasaka. Alipokuwa akinikabidhi akafunga mlango ili Maman asisikie.

"Ma fille, batafikiri nataka jina. Nilitaka zamani, kweli. Sasa mi nataka kujua kitu moja tu. Ile siku, nilimufanyizia Maman muzuri ao mubaya?"

Ikiwa Nyangezi ni dawa njema, basi alikuwa nayo kabatini na akamwacha mkewe aozee mguu. Swali hilo ndilo alilokuwa akilala nalo, na mimi ndiye niliyempigia kelele akiwa amelibeba. Nilichukua kichupa, nikakitia ndani ya soksi ya sufu, nikashuka.

Tulingoja zaidi ya mwaka. Kila nikipanda ngazi alinitazama mikono kwanza, kisha uso. Nami nilikuwa nikitikisa kichwa, tukaongea habari nyingine.

Jibu lilikuja Ijumaa kwa email. Nilisoma mara nne, nikamwomba mwenzangu asome pia ili nisije nikakosea. Jumapili baada ya misa nikaenda moja kwa moja. Prof alikuwa kwenye baraza, Maman kando yake kwenye kiti kifupi, anachambua maharagwe kwenye ungo, fimbo imelazwa miguuni. Nilifikiri nimwombe Prof tuingie ndani. Kisha nikasema hapana, jambo hili ni la wote wawili.

"Prof, jibu imefika."

Akafunga kifungo cha juu cha shati. "Sema."

"Nyangezi inatengeneza kitu inaua mikrobe kweli. Haukukosea. Banaiona wazi."

Akafumba macho. Midomo ikasogea kidogo, labda alikuwa anasali.

"Lakini haiko mupya," nikasema. "Ni kitu bashajua zamani, mu kuvu zingine."

Nilidhani hapo ndipo ataumia. Akacheka! "Basi Mungu alipanda ile yake kule na huku pia. Muzuri. Na dawa yake inaitwa nani?"

"Haina dawa, Prof. Inaua mikrobe, lakini inaumiza mutu vilevile. Inaharibu figo. Inaua na zile chembe za damu zenye zinatulinda. Ndiyo maana bakaiacha."

Akavua miwani, akaishika kwa uzi wake. Aliuliza akiutazama ukuta.

"Kama mutu iko na kidonda ku mguu. Kubwa, ya wazi. Na bwana yake anamupatia ile maji, anapakaa kila siku."

Mkono wa Maman ukasimama ndani ya maharagwe.

"Kwa ginsi ile kidonda ilikuwa, ingeingia mu damu," nikasema. "Mwili yake ilikuwa ishachoka. Prof, pengine tungemuzika. Na mimi nilikukasirikia bule. Unisamehe."

Sijawahi kumwona Prof akilia, hata siku alipomzika dada yake. Alilia kama mtu anayepiga chafya, kwa mishtuko, na kofia akaiweka usoni. "Kila siku nasikia ule mguu unapanda ngazi," akasema ndani ya kofia. "Kila siku nasema: ile njo mimi. Nilikuwa na kitu mu kabati, nikamunyima bibi yangu."

Nilitaka kumwambia habari nyingine, kwamba maabara ile inaomba vichupa vyake vingine vyote arobaini, kwamba bado kuna kuvu humo ambazo hakuna mtu duniani aliyezifungua. Nilimwambia baadaye, akafurahi sana, na siku hizi tunavipeleka vitano vitano. Lakini wakati ule hapakuwa na nafasi, kwa sababu Maman alikuwa ameshaweka ungo chini.

"Weye Papa," akasema. "Mwaka yote hii ulikuwa unawaza vile?"

Prof akaitika kwa kichwa.

"Yesu Maria. Mi nilikusamehe kulekule ku hopitali! Mwezi ya pili. Ulikuwa unalala chini ku sakafu ya simenti, pembeni ya kitanda yangu, unakoroma. Nikakuangalia, nikasema huyu mutu alininyima juu alikuwa anaogopa kuniua. Nikamaliza."

Kofia ikashuka. "Na juu ya nini haukuniambia?"

Maman akaangalia pembeni, kisha akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka kwa aibu, mkono mdomoni, kama msichana aliyekamatwa.

"Nilipotoka hopitali ukaanza kuniletea chai mu kitanda. Na maziwa. Kila asubuhi! Bwana gani wa Kadutu anapelekea bibi chai mu kitanda? Nikawaza: nikimuambia nimesamehe, chai itakwisha."

Prof alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Dix-neuf ans, Maman? Miaka kumi na tisa?"

"Dix-neuf ans. Na ilikuwa tamu."

"Ulikuwa unakohoa mbele ya bageni!"

"Nilikuwa nalinda chai yangu."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya baraza. Prof naye akaanza, kwanza bila sauti, mabega tu, kisha kwa nguvu, machozi bado yamo, na Maman akimpiga kwa ganda la maharagwe. Walipotulia Maman akavuta ungo wake, akarudi kazini, na bila kuinua macho akasema, "Sasa unajua yote. Kesho tutaona kama ulikuwa unanipenda ao ulikuwa unaogopa."

Jumatatu simu yangu ililia saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nilishtuka, nikadhani kuna msiba. Ilikuwa sauti ya Prof, ya chini chini, kama mtu anayebana pumzi.

"Ma fille, maziwa imekwisha mu nyumba. Boutique gani inafunguka mapema?"